Mume Wangu, Hita na Nyumba ya Kigamboni

Wenzangu wanagombana na waume zao kwa sababu ya meseji za usiku, wengine kwa sababu ya mawifi. Mimi na wangu tulikuwa tunagombana kwa sababu ya kidude cheupe cha ukutani, ukubwa wa sabuni ya kuogea, kinaitwa thamostati. Usicheke, maana kidogo tu nizike mtu.

Tunaishi Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, kaskazini kidogo ya jiji la Minneapolis. Kama ulidhani Marekani yote ni ile ya kwenye sinema, minazi na watu wa kaptula, fungua ramani uangalie juu kabisa, kule inakopakana na Kanada. Huku kuna misimu minne na kila mmoja unakuja na bili yake. Julai ni joto la Dar, tena lile la Februari umeme ukiwa umekatika. Januari sasa... Januari naomba niisimulie polepole.

Mume wangu alitangulia kuja kusoma, mimi nikamfuata mwaka 2016. Yeye ni mtu wa Machame, na siku ya kwanza kunipokea uwanja wa ndege aliniambia, "Mama, mimi baridi naijua, nimezaliwa chini ya mlima." Mimi mtoto wa Tabata, nimekulia kwenye feni na maji ya barafu, baridi yangu ilikuwa ya Juni asubuhi unapanda daladala. Wote wawili tulikuwa hatujui kitu.

Miaka ya mwanzo tulipanga kwenye ghorofa, na kodi ilikuwa na joto humo humo. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika digrii 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi, yaani 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit wanayotumia huku. Shule zimefungwa, watu wamejifungia. Sisi tuko ndani tumevaa kaptula, tunakula wali na maharage, tunapiga picha dirisha lililoganda tunaituma nyumbani. Joto lilikuwa linatoka wapi? Hatukuwahi kujiuliza. Lilikuwa la mwenye nyumba.

Mwaka 2021 tukanunua ya kwetu. Jamani, raha ya kukabidhiwa ufunguo! Mama mkwe alipiga vigelegele kwenye simu. Aliyekagua nyumba kabla hatujainunua alituandikia kwamba hita ni ya mwaka 2004, ni kuukuu lakini inafanya kazi. Sisi tukasoma hapo penye "inafanya kazi", tukasaini.

Hebu nikuelezee hili dubwana, maana nami nimelijua kwa machungu. Nyumba nyingi za huku zina chumba cha chini ya ardhi, basimenti. Humo ndimo linakaa lile sanduku la chuma, refu kama friji. Ndani yake gesi inawaka kwenye vichomeo, moto unapasha kuta za chuma, na feni kubwa inapuliza hewa pembeni mwa kuta hizo mpaka ipande kwenye mabomba ya bati yaliyopita chini ya sakafu na kutokea kila chumba. Moshi wa gesi una njia yake, unatoka nje kwa bomba lingine, haukutani kabisa na hewa unayovuta. Wakati wa joto, feni hiyo hiyo na mabomba hayo hayo yanatumika kwa AC: sanduku moja liko nje uani, na juu ya hita kuna mikunjo ya mabomba ya baridi. Hewa yote, ya moto na ya baridi, inapita kwenye filta moja. Filta hiyo ni kama kipande cha boksi chenye karatasi ndani, unainunua dukani, unaibadilisha kila mwezi mmoja hadi mitatu. Basi.

Kwa hiyo nyumba ya huku, kama gari, inataka sevisi. Tulijiunga na kampuni moja, dola 20 kwa mwezi, fundi anakuja mara mbili kwa mwaka: kabla ya baridi anakagua hita, kabla ya joto anakagua AC. Mwaka wa kwanza alikuja, akasafisha, akaondoka. Mimi nilikuwa namuona kama mtu wa kusoma mita tu.

Ugomvi ulikuwa juu, ukutani. Mume wangu alikuwa anataka digrii 62, ambazo ni kama 17 za kwetu. Mimi nilikuwa nataka 74, kama 23. Akilala naamka kinyemela naipandisha. Alfajiri anaamka kinyemela anaishusha. Siku moja tulikutana koridoni saa tisa usiku, kila mtu na nia yake, tukabaki kutazamana kama wezi wawili waliovamia nyumba moja. "Sweta zipo," akasema. Nikamjibu sikuja Marekani kulala na sweta. Ilikuwa utani, halafu polepole ikaacha kuwa utani. Kila digrii moja nilikuwa nahesabu kama kipimo cha anavyonijali. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anahesabu mifuko ya saruji.

Maana tulikuwa tunajenga. Kiwanja tulinunua Kigamboni mwaka 2018, na nyinyi mnaojenga mnajua: ukishaweka msingi, nyumba inakuwa kama mtoto mchanga, inalia usiku kucha. Leo nondo, kesho fundi kakimbia na hela, keshokutwa bei ya bati imepanda. Baba Junior alikuwa anabeba hesabu zote kichwani, mimi natumiwa picha tu. Nilikuwa naonyesha wenzangu kazini: "Mnaona? Hapo ndiyo sebule."

Julai 2024 AC ikagoma. Feni inapuliza, lakini hewa ya vuguvugu. Nikashuka basimenti kwa mara ya kwanza baada ya sijui miezi mingapi, nikakuta barafu. Julai! Bomba limevaa barafu nyeupe kama friza ya duka la samaki. Jirani yetu Mkenya, mwenye uzoefu na nyumba za huku, akaja akacheka: "Shemeji, hii filta mmeibadilisha lini?" Akaichomoa. Ilikuwa nyeusi, imejaa vumbi na nywele kama zulia la saluni. Akatueleza kwamba hewa ikishindwa kupita kwenye mikunjo ile ya baridi, unyevu unagandia pale, mwisho AC inajiziba yenyewe. Tuzime AC, tuache feni itembee mpaka barafu iyeyuke, tuweke filta mpya. Ikapona.

Nikamuuliza mume wangu, "Kwani yule fundi wa kila mwaka hakuja mwezi wa Nne?"

"Alikuja, wewe ulikuwa umelala, umetoka zamu."

Nikaamini. Mimi nauguza wazee, zamu ya usiku, mchana mimi ni gogo. Nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa hakunigharimu chochote.

Sasa Januari 2025. Wikiendi ile ya sikukuu ya Martin Luther King baridi kali ilishuka kutoka Kanada, usiku chini ya sifuri kwa Fahrenheit. Ukitoka nje na nywele mbichi zinakuwa vijiti. Jumapili usiku nikaenda kazini. Saa saba akanitumia meseji: "Hita inasumbua kidogo, naishughulikia. Usiwaze." Nikaendelea kugeuza wazee vitandani.

Nilirudi saa moja na nusu asubuhi. Kufungua mlango, nikaona pumzi yangu mwenyewe ndani ya sebule yangu. Thamostati inasoma 51, kama digrii 11 hivi. Taa ya jikoni inawaka. Godoro limeletwa jikoni, mume wangu na Junior wamelala juu yake wamejifunika mablanketi yote ya nyumba, na mbele yao oveni ya gesi imewashwa, mlango wake wazi.

Kwa macho ya nyumbani ilikuwa picha nzuri. Baba amemkumbatia mwanawe kwenye moto. Ni sawa kabisa na jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku kule Machame, na Njombe, na Lushoto.

Nikamwita Junior. Akafumbua macho akasema kichwa kinamuuma, akatapika. Miaka sita alikuwa nayo. Nikamshika paji la uso: hana homa. Hapo ndipo mwili wangu wote ulikufa ganzi, maana kazini tumefundishwa: kichwa, kizunguzungu, kutapika kama mafua, lakini homa hakuna, na walio ndani wote wanaumwa pamoja, fikiria kaboni monoksaidi. Hiyo hewa haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi unayoijua huwa inatiwa makusudi kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja uisikie. Hii inayotokana na moto kuungua vibaya huisikii ng'o. Marekani, watu zaidi ya 400 wanakufa nayo kila mwaka bila moto wowote kushika nyumba. Sikumbuki nilivyoizima oveni. Nakumbuka nimembeba Junior na blanketi mpaka kwenye gari, namvuta baba yake mkono huku anapepesuka, anasema "subiri nivae viatu", na mimi napiga 911 kwa vidole vinavyokataa.

Zimamoto walifika wakaingia na kipimo mkononi, kikaanza kulia kabla hawajafika jikoni. Wakafungua milango na madirisha yote, katika baridi ile. Mmoja akatoka ameshika kengele yetu ya kaboni, ile ya koridoni, sheria ya Minnesota inataka iwepo karibu na kila chumba cha kulala, isizidi kama mita tatu. Haikuwa na betri. Akamuuliza mume wangu kwa upole kabisa. Mume wangu akasema ilianza kulia saa kumi alfajiri, akadhani betri imekwisha, akaitoa mtoto asiamke.

Betri ikikwisha, kengele inalia mlio mmoja mfupi, inanyamaza, baada ya muda tena mmoja. Ikilia minne minne mfululizo, inakuambia toka nje. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili.

Hospitali waliwaweka kwenye oksijeni kwa masaa kadhaa. Junior akaanza kuulizia katuni, na mimi ndiyo nikaanza kulia.

Fundi alikuja jioni ile ile, kwa bei ya dharura na sikukuu, dola 289 kabla hajagusa kitu. Mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe, magoti yanalia akishuka ngazi. Akafungua hita, akaiwasha, tukaona wote: moto unawaka, unakaa sekunde chache, pap, unazima. Inajaribu tena, inazima. Ikishashindwa mara kadhaa inajifunga yenyewe. Akachomoa kijiti chembamba cha chuma, ukubwa wa kijiti cha kusukia mkeka, akatuonyesha. Ni sensa ya moto. Kazi yake kuiambia hita kwamba gesi inayotoka kweli inawaka. Ikipata utando haioni moto, basi hita inafunga gesi kwa usalama wetu. Akaisugua kwa msasa laini. Akairudisha. Moto ukawaka ukabaki.

Dakika kumi na tano. Nilitazama saa.

"Hii husafishwa kwenye sevisi ya kila mwaka," akasema. "Nyinyi mmefanya lini?" Nikajibu kwa kujiamini, mbona sisi ni wateja wenu, mlikuja Oktoba. Akafungua tableti yake, akaandika anwani, akakuna ndevu. "Hapa naona mlisitisha, mama. Septemba 2023."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaitazama filta.

Msomaji, kuna wanawake wamekuta picha kwenye simu za waume zao, na siwaonei wivu. Lakini nakuambia, kusimama basimenti mbele ya mgeni, ukagundua kwamba mtu unayelala naye alikudanganya kuhusu fundi, tena kwa dola 20 kwa mwezi... Mzee wa watu akajifanya anatafuta kitu kwenye boksi lake la zana. Nadhani ameshaziona ndoa nyingi kwenye mabasimenti.

Usiku ule Junior alilala, hita inavuma chini, na sisi tukakaa mezani. Sikupiga kelele. Nilitamani, ila sauti haikuwepo.

"Nilikuwa najenga nyumba yetu," akasema.

"Na hii ni ya nani?"

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia mambo ambayo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniambia kwa mpangilio. Kwamba baba yake alifanya kazi Dar miaka thelathini akafia kwenye chumba cha kupanga, na mwili ulipelekwa Machame kwenye nyumba ya babu kwa sababu hakuwa na yake. Kwamba kila akiamka huku anajiona yuko safarini, na msafiri hatengenezi paa la gesti. Dola 20 za fundi, digrii 62, filta ambayo "bado bado", zote zilikuwa zinakwenda Kigamboni kununua bati. Alidhani anatuokoa.

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo, na nitakuwa mnafiki nikikuambia tulikumbatiana. Tulilala mzungu wa nne kwa wiki tatu. Alichonidanganya sicho kilichokuwa kinanikereketa zaidi; ni kwamba nilikuwa nimempa nyumba mbili azibebe peke yake, halafu mimi nikawa napandisha thamostati usiku. Mimi mwenyewe niliiona ile filta nyeusi ya Julai. Nilijua dukani inauzwa sehemu gani. Tangu siku ile sikuwa nimeshuka tena kwenda kuangalia, kwa sababu basimenti kwa akili yangu ni kazi ya baba, kama vile kubadilisha tairi.

Yule mzee alirudi Aprili, safari hii kwa AC, na mimi sikulala, nilimfuata nyuma kama mwanafunzi wa VETA. Nilimuuliza maswali mpaka akaomba kiti. Nyumbani fundi wa AC akija, cha kwanza anasema "gesi imeisha, tujaze". Mzee akatikisa kichwa. Ile gesi ya baridi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, inazunguka tu. Ikipungua maana yake kuna tundu, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile kila mwaka. (Nimemtumia kaka yangu wa Sinza hii habari kwa sauti ya WhatsApp, amegombana na fundi wake tayari.) Nikamuuliza pia kuhusu kuziba matundu ya hewa ya vyumba visivyotumika, maana Baba Junior alikuwa ameyaziba mawili kubana matumizi. Akasema tuyafungue: feni inapuliza nguvu ileile, ukiziba unaikaba koo.

Na digrii? Akacheka, inaonekana anaulizwa kila nyumba. Akasema serikali yao, wizara ya nishati, inashauri ushushe digrii 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa masaa manane kwa siku, wakati umelala au umetoka, unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 ya gharama za mwaka. Kwa hiyo mume wangu hakuwa mjinga kushusha usiku, na mimi sikuwa mjinga kutaka joto mtoto akiwa macho. Tumeweka thamostati ya kujipanga yenyewe: 68 asubuhi na jioni, 61 usiku. Hakuna anayeamka tena kwenda koridoni. Siku nyingine, niseme ukweli, namkumbuka yule mwizi mwenzangu wa saa tisa.

Hita ilikuwa imetimiza miaka 21, na mzee alisema za aina hiyo huishi 15 hadi 20. Tulileta makampuni matatu kupima. Wawili waliangalia hita ya zamani wakataja ile ile ukubwa ule ule, mmoja akataka kutuuzia kubwa zaidi "ili msipate shida". Wa tatu, mwanamke, alipima madirisha, akapanda darini kuangalia sufi ya kuzuia joto, akapiga hesabu, akaleta ndogo kuliko tuliyonayo. Hita kubwa kupita kiasi, alisema, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inachoka mapema na vyumba vya mwisho vinabaki baridi. Tukamchukua yeye. Ilifungwa Septemba 2025, na pesa yake ilikuwa ya madirisha ya Kigamboni.

Filta sasa anabadilisha Junior. Anaandika tarehe pembeni kwa kalamu nene, na herufi zake zimegeuka, ila tarehe ni sahihi.

Nyumba ya Kigamboni ipo, ina paa, haina madirisha, popo wamehamia. Mama mkwe hilo limemuuma. Juzi kapiga simu ya video, kajitanda kanga, anataka kujua mafundi wa aluminiamu wanaanza lini. Baba Junior akanitazama, nami nikajifanya naosha vyombo.

"Mama," akasema, "mwaka huu tumenunua hita."

Kimya. Kisha sauti ya mama kutoka Machame: "Hita ndiyo mdudu gani, mwanangu?"

Akachukua simu, akaanza kushuka nayo ngazi za basimenti kwenda kumwonyesha.